Anwani iliyoishia na 8

Katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, `__alloc_percpu` ni kitendakazi kinachotenga kumbukumbu yenye nakala moja kwa kila prosesa. Kigezo chake cha pili ni mpaka, yaani namba ambayo anwani ya kumbukumbu hiyo inapaswa kugawanyika kwayo; ni namba ndogo ambayo wengi huijaza kwa mazoea. Nami niliweka 8, kwa kuwa muundo wangu ulikuwa na namba mbili tu za biti 64. Moduli yangu, kipande cha programu kinachopakiwa ndani ya kerneli, ikafanya kazi siku kadhaa bila shida. Siku niliyobadilisha mfuatano wa kupakia moduli, kerneli ikaanguka.

Jibu lilikuwa kwenye anwani ya muundo huo katika kumbukumbu. Mambo yalipokwenda sawa, tarakimu yake ya mwisho kwa heksadesimali ilikuwa 0. Kerneli ilipoanguka, ilikuwa 8. Namba zangu mbili nilikuwa nazibadilisha kwa mkupuo mmoja kwa amri ya `cmpxchg16b`, ambayo katika x86-64 haipokei anwani isiyogawanyika kwa 16 bila baki. Prosesa huikataa palepale, hata data ikiwa sahihi kabisa.

Katika ugawaji huu kila prosesa ina nakala yake. Pointa unayopewa si anwani kamili. Ni umbali, ambao hujumlishwa na mwanzo wa eneo la prosesa husika. Jumla itagawanyika kwa 16 endapo mwanzo na umbali vyote vinagawanyika. Mwanzo hauna tatizo, kwa sababu maeneo hayo huanzia kwenye mpaka wa kurasa. Umbali ndio hutegemea nani alitangulia kuomba nafasi: ukiomba 8, unaweza kupewa 16, na unaweza vilevile kupewa 24.

Niliiweka 16 kwenye tangazo la muundo wenyewe, si kwenye mwito. Hapo `alloc_percpu`, makro inayopewa aina ya data badala ya namba hizo, huisoma kutoka kwenye aina, na atakayekuja baada yangu hana cha kusahau.

Wapo wanaokimbilia 64, urefu kwa baiti wa mstari wa kashe (kipande cha kumbukumbu ambacho prosesa hukichukua kwa mara moja), ili prosesa zisigombanie mstari mmoja. Lakini nakala zimeshatenganishwa tayari! Muundo wenye kaunta moja ya baiti 4 ukitangazwa kwa mpaka wa 64, kompaila huuvimbisha hadi baiti 64. Kwa prosesa 128, baiti 7,680 zimepotea kwa kaunta moja tu. Mimi huitumia 64 pale tu prosesa nyingine zinapoandika mara kwa mara ndani ya nakala isiyo yao, jirani na data ambayo mwenyewe anaigusa kila wakati.