Je, wajua kwa nini dada yake Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, hakwenda kumzika?

Asubuhi ya tarehe 24 Julai 1817, jeneza lilitolewa kwenye nyumba ya kupanga katika mtaa wa College, mjini Winchester, kusini mwa Uingereza. Waombolezaji walikuwa wanaume wanne tu: kaka watatu wa marehemu, Edward, Henry na Francis, na kijana wa kaka mwingine, James, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Dada mtu, Cassandra, alibaki ndani. Alilisindikiza jeneza kwa macho mpaka lilipoishia mwisho wa mtaa.

Na Jane na Cassandra hawakuwa ndugu wa kuonana sikukuu kwa sikukuu. Hakuna kati yao aliyeolewa, na kule kijijini Chawton walilala chumba kimoja. Mei mwaka huo, Jane alipozidiwa, Cassandra ndiye aliyepanda naye gari la farasi, mvua ikinyesha, kwenda Winchester kwa daktari. Usiku wa mwisho alimpakata, kichwa cha mgonjwa kikiwa juu ya mto mapajani mwake, kwa muda wa karibu saa sita. Alipochoka, wifi yao Mary akampokea, kisha Cassandra akarudi palepale. Alfajiri ya tarehe 18 Julai Jane akakata roho, akiwa na umri wa miaka 41. Cassandra akamfumba macho kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa mtu aliyefanya yote hayo anazuiwa na nini asifike kaburini?

Hakuna sheria iliyomkataza. Ilikuwa ada ya tabaka lake. Baba yao alikuwa kasisi; hawakuwa matajiri, ila walihesabiwa miongoni mwa waungwana, na kwa waungwana wa Kiingereza mazishi yalikuwa shughuli ya wanaume. Iliaminika kwamba mwanamke hataweza kuzuia machozi, na kulia mbele za watu kulikuwa aibu kwa mtu wa heshima. Wanawake maskini, ambao heshima ya namna hiyo haikuwahusu, walifuata maiti zao bila kuulizwa. Msomaji wa Lamu au Unguja huenda asishangae sana, maana huko nako wanaume huenda makaburini na wanawake wakabaki nyumbani, ingawa sababu ni nyingine. Ada hiyo ya Waingereza ilidumu: hata Malkia Victoria hakuhudhuria mazishi ya mumewe Albert, Windsor, Desemba 1861.

Kwa hiyo kazi ziligawanywa. Cassandra alikata nywele za marehemu ziwe kumbukumbu, akaandika barua za msiba. Wanaume wakaenda kanisani mapema, kwa kuwa maziko yalipaswa kumalizika kabla ya ibada ya saa nne asubuhi. Kisha kuna suala la fedha, na hapa ndipo mimi huguna: katika wosia aliouandika Aprili, Jane alimwachia Cassandra karibu kila kitu na kumfanya msimamizi wa mirathi. Pauni 92 za mazishi zilitoka katika mali hiyo. Yaani mazishi yalilipiwa na mirathi ya mtu ambaye hakuyaona.

Jane alizikwa ndani ya kanisa kuu la Winchester, upande wa kaskazini. Jiwe la kaburi linasifu wema wake, imani yake na akili yake, lakini riwaya hazitajwi hata kwa neno moja. Alipokuwa hai vitabu vyake vilitoka bila jina lake. Cha kwanza, mwaka 1811, kilisema tu kimeandikwa na bibi mmoja. Bamba la shaba linalomtaja kuwa mwandishi liliwekwa ukutani mwaka 1872. Kabla ya hapo, mgeni mmoja alipoomba kuonyeshwa kaburi, mtumishi wa kanisa alimwonyesha, kisha naye akauliza: huyu mama alikuwa na jambo gani hasa, mbona watu wengi wanaulizia alipozikwa?