Shule zikifungwa, mtoto anacheza saa ngapi? Maswali ya wazazi wa Kigoma

Likizo mtoto yuko nyumbani kutwa. Si ndiyo atacheza zaidi?

Kwa watoto wengi huwa kinyume. Siku ya shule anatembea kwenda na kurudi, anakimbia mchakamchaka, anafagia uwanja, na wakati wa mapumziko anafukuzana na wenzake. Yote hayo hakuna mzazi aliyeyapanga, na shule ikifungwa yanakatika kwa siku moja. Badala yake mtoto anaamka saa tatu, anakaa na simu ya mama, jioni yuko kibanda umiza akitazama video.

Wakati wa UVIKO-19 jambo hili lilionekana katika nchi nyingi: watoto walipungukiwa na mwendo, muda wa kutazama skrini ukaongezeka. Kwetu shule zilifungwa Machi 2020, na za msingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Jirani zetu wa Uganda walisubiri hadi Januari 2022 ndipo madarasa yote yakafunguliwa. Hata likizo ya kawaida ina athari: Marekani imeonekana kwamba watoto huongezeka uzito haraka zaidi likizo ya kiangazi kuliko wakiwa shuleni.

Anahitaji kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa mtoto wa miaka 5 hadi 17, za shughuli inayomfanya aheme na moyo wake uende mbio. Angalau siku 3 za wiki ziwe na shughuli za kujenga misuli na mifupa, kama kuruka na kupanda. Si lazima dakika hizo 60 zifuatane. 20 za asubuhi na 40 za jioni zinatosha.

Binti yangu anachota maji, anafua, anaosha vyombo. Hayo si mazoezi?

Kuchota maji na kupanda nayo kilima ni mazoezi, tena mazito. Kuosha vyombo umekaa kwenye kigoda hakumpandishi mtu pumzi. Ninachowaomba wazazi wakitazame ni saa za jioni. Mara nyingi kaka mtu ameshatoka kwenda kucheza chandimu, dada mtu yuko jikoni mpaka giza linaingia. Shuleni angalau alikuwa na rede na kamba pamoja na wenzake. Likizo inamwondolea hata michezo hiyo. Takwimu za dunia za mwaka 2016 zilionyesha kuwa wasichana 85 kati ya 100 wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi dakika hizo 60 kwa siku, wavulana wakiwa 78. Kwa hiyo wagawieni kazi, kaka naye aoshe masufuria, na binti apewe saa yake ya kutoka. Kuruka kamba kunamjengea mifupa katika umri ambao mifupa inapokea zaidi, na hiyo nafasi hairudi ukubwani.

Na kuogelea ziwani?

Kuogelea ni zoezi zuri, lakini Ziwa Tanganyika si la kumwachia mtoto peke yake. Awepo mtu mzima anayejua kuogelea, macho yakiwa kwa mtoto, si kwenye mazungumzo. Mwaloni na penye majani kuna hatari pia ya kichocho, maana konokono wanaobeba vimelea hukaa kwenye maji yaliyotulia. Mtoto akikojoa damu au akipata choo chenye damu, mpelekeni kituo cha afya, dawa ipo.

Likizo ya Desemba mvua hainyamazi. Tufanyeje?

Barazani panatosha kuruka kamba na kucheza ngoma, na mvua ikikatika watoke. Waingie ndani kabla ya magharibi, mbu wa malaria wanaanza kazi jioni.

Mwanangu ana seli mundu. Nimzuie kabisa?

Hapana. Kwanza muulizeni daktari anayemhudumia. Kwa kawaida mtoto huyu anaweza kucheza, ila anywe maji kabla, wakati na baada ya mchezo, apumzike mara tu anapochoka, na asishindanishwe na wenzake mpaka aishiwe nguvu. Maji ya baridi yanaweza kumletea maumivu, hivyo asikae ziwani asubuhi au kwenye upepo akiwa na nguo mbichi. Akipata homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.