Septemba ya besiboli: nani mgombea, nani msindikizaji

Kila Agosti inapoelekea ukingoni, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Timu fulani imeshinda mechi kumi na mbili kati ya kumi na tano, je, ni ya kweli? Nyingine imeongoza kanda yake tangu Mei lakini sasa inapumulia mashine, tuizike? Kazi yangu ni kuchambua takwimu za besiboli ya Marekani, na kabla ya kujibu hulikata swali vipande viwili. Kwanza, timu itafuzu hatua ya mtoano? Pili, ikifuzu, ina silaha za Oktoba, mwezi wa mtoano? Msimamo wa ligi hujibu la kwanza nusunusu. La pili haulijui kabisa.

Kwa asiyefuatilia kila siku: Major League Baseball ina timu 30, zimegawanywa katika Ligi ya Amerika na Ligi ya Taifa, kila ligi ina kanda tatu, na kila timu hucheza mechi 162. Tangu 2022 kila ligi inapeleka timu sita kwenye mtoano, yaani vinara watatu wa kanda na timu tatu nyingine zenye rekodi bora. Vinara wawili wa juu wanavuka raundi ya kwanza bila kucheza. Milango ikiwa mingi hivyo, Septemba inajaa timu zenye matumaini, na nyingi kati yake ni wasindikizaji.

Ninapofungua takwimu, macho yangu huenda kwanza kwenye tofauti ya mikimbio: mara ngapi wachezaji wa timu wamezunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, ukitoa mara ngapi wapinzani wamefanya hivyo dhidi yao. Anayefuatilia soka ataielewa haraka, maana ni ndugu wa tofauti ya mabao. Uzito wake ni mkubwa zaidi huku, kwa kuwa mechi ni nyingi mno na mikimbio ni mingi mno kiasi kwamba bahati hupata shida kujificha. Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli, ndiye aliyetupatia kanuni yake: zidisha mikimbio uliyopata kwa yenyewe, fanya vivyo hivyo kwa uliyoruhusu, kisha gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya yote mawili. Unapata sehemu ya mechi ambazo timu ingestahili kushinda. Waliokuja baadaye waligundua kwamba kipeo cha karibu 1.83 kinafanya kazi vizuri kuliko 2, lakini kwa hesabu ya kwenye karatasi 2 inatosha.

Ijaribu kwa Seattle Mariners wa 2021. Walishinda 90 na kupoteza 72, wakapigania nafasi hadi siku ya mwisho, na mji mzima ukaamini. Lakini walikuwa wamepata mikimbio 697 na kuruhusu 748. Kanuni inawapa ushindi kama 75. Hizo 15 za ziada zilitoka wapi? Sehemu kubwa zilitoka kwenye mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja, ambako walishinda 33 na kupoteza 19. Hawakufuzu.

Mechi za mkimbio mmoja ndizo zinazowapotosha watu kuliko kitu kingine chochote. Mtazamaji anaona timu inashinda 4-3 usiku baada ya usiku na kusema ina moyo wa kibingwa, inajua kumaliza kazi. Texas Rangers wa 2016 walishinda 36 na kupoteza 11 katika mechi za namna hiyo. Wakamaliza na ushindi 95, wa kwanza katika Ligi ya Amerika, ingawa kwa msimu mzima waliwazidi wapinzani kwa mikimbio 8 tu. Kwenye mtoano Toronto wakawafagia 3-0. Baltimore Orioles wa 2012 walikuwa 29-9 katika mechi za mkimbio mmoja. Mwaka uliofuata, chini ya kocha yuleyule na wachezaji wengi walewale, wakawa 20-31. Kama ule ulikuwa moyo, sijui ulihamia wapi. Kikosi imara cha warushaji wa akiba, wale wanaompokea mrushaji aliyeanza kuwarushia wapigaji mpira, kinasaidia kidogo katika mechi za kubanana, hilo nakubali, ila hakifikii kiwango hicho.

Tofauti ya mikimbio nayo ina upofu wake, na hapa ndipo wachambuzi wachanga hujikwaa. Inapima timu iliyocheza tangu mwisho wa Machi. Timu itakayocheza Oktoba inaweza kuwa nyingine kabisa. Mlango wa kubadilishana wachezaji hufungwa karibu na mwisho wa Julai, na mchezaji anatakiwa awe ndani ya klabu kufikia tarehe 31 Agosti ili aruhusiwe kucheza mtoano. Kwa hiyo ikifika Septemba mosi karibu kila karata iko mezani, na swali langu linakuwa: kati ya waliotengeneza zile takwimu, nani bado yupo, nani amerudi kutoka majeruhi, nani ameondoka?

Atlanta Braves wa 2021 ni somo zuri. Walimpoteza Ronald Acuña Jr. mwezi Julai kwa jeraha la goti, na hadi Agosti inaanza hawakuwa wamewahi kuwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Badala ya kuuza wachezaji, walijaza safu nzima ya nje, yaani wachezaji wanaolinda sehemu ya mbali ya uwanja, kwa mpigo: Joc Pederson, Jorge Soler, Adam Duvall na Eddie Rosario. Walimaliza na ushindi 88, wachache kuliko timu zote zilizofuzu mwaka ule. Tofauti yao ya mikimbio ilikuwa +134. Aliyeangalia msimamo peke yake aliona timu ya kawaida iliyobahatika kuwa kwenye kanda dhaifu. Aliyeangalia mikimbio, kisha akaangalia nani anacheza nje sasa hivi, hakushangaa sana walipotwaa World Series, fainali ya ubingwa kati ya ligi mbili, Rosario akiwa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Taifa na Soler wa World Series yenyewe.

Mfano wa kinyume ni Detroit Tigers wa 2024. Julai walimuuza mrushaji Jack Flaherty kwa Los Angeles Dodgers, na tarehe 10 Agosti walikuwa na ushindi 55 na vipigo 63. Wakashinda 31 kati ya 44 zilizobaki, wakafuzu, na wakawatoa Houston Astros. Nani angeliona lile mapema? Kusema kweli hakuna, na simuamini anayedai aliliona. Kilichoonekana ni kwamba walikuwa na Tarik Skubal, mrushaji bora wa Ligi ya Amerika mwaka ule. Timu yenye mrushaji wa namna hiyo usiizike hadi hesabu iizike yenyewe.

Hapo tunafika kwenye fomu, neno ambalo mimi ningelipunguza matumizi. Chukua timu ya wastani kabisa, inayoshinda nusu ya mechi zake. Katika mechi 20 utaitarajia ishinde 10, lakini mtawanyiko wa kawaida wa bahati ni zaidi kidogo ya mechi 2 kila upande. Kushinda 13 kati ya 20, au 7 kati ya 20, ni jambo linalotokea mara kwa mara bila timu kubadilika hata chembe. Magazeti yataandika kwamba imewaka moto au imezimika, lakini sarafu nayo hufanya hivyo. Colorado Rockies wa 2007 walishinda mechi 21 kati ya 22, zikiwemo zote za raundi mbili za kwanza za mtoano, halafu Boston Red Sox wakawafunga 4-0 kwenye World Series. Ule moto haukuwasaidia chochote.

Pamoja na hayo, sipuuzi kila anguko. Nauliza sababu. Red Sox wa 2011 walikuwa na uongozi wa mechi 9 katika mbio za tiketi ya ziada, ile ya timu isiyo kinara wa kanda, mwanzoni mwa Septemba, wakamaliza mwezi wakiwa na ushindi 7 na vipigo 20, na wakaikosa nafasi usiku wa mwisho. Wapigaji wao walikuwa bado wanapata mikimbio. Walioanguka ni warushaji wa kuanza, ambao mwezi ule waliruhusu zaidi ya mikimbio 7 kwa kila iningi 9, yaani urefu wa mechi moja. Wapigaji wakipoa kwa wiki mbili, huwa silali macho. Warushaji wa kuanza wakianza kutolewa iningi ya nne, mechi baada ya mechi, huku kasi ya mpira ikishuka, basi kuna mkono au bega linalouma, na mapumziko hayapatikani Septemba.

Kuhusu kusoma msimamo wenyewe nitasema machache. Angalia safu ya vipigo kabla ya safu ya ushindi, hasa timu zinapokuwa na viporo: mechi ambayo haijachezwa bado unaweza kuishinda, kipigo ulichokwisha kukipata hakifutiki. Na kumbuka kwamba tangu 2022 hakuna tena mechi ya ziada ya kuvunja sare, matokeo ya timu hizo zilipokutana ndiyo yanayoamua. New York Mets walilijua hilo kwa uchungu 2025, walipomaliza 83-79 sawa na Cincinnati Reds na kubaki nje. Mwezi Juni walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote.

Sasa swali la pili, la silaha za Oktoba. Tuseme una timu bora kwelikweli, yenye nafasi ya asilimia 55 ya kushinda kila mechi dhidi ya mpinzani aliyefuzu pia. Huo ni ubora mkubwa kwa kiwango cha besiboli. Mfululizo wa mechi tatu (raundi ya kwanza) itaushinda kwa asilimia 57 hivi, wa mechi tano (raundi ya pili) kwa 59, wa mechi saba (raundi mbili za mwisho) kwa 61. Ukizidisha raundi zote, timu inayoanzia raundi ya pili ina asilimia 22 ya kutwaa ubingwa. Ileile ikilazimika kuanzia raundi ya kwanza, inabaki na 13 tu. Ndiyo maana timu ambayo tayari ina uhakika wa kufuzu bado inapigana hadi mwisho wa Septemba: kuipata ile nafasi ya kupumzika ni karibu kuzidisha matumaini mara mbili.

Utasikia kwamba mapumziko hayo yanawapoozesha wachezaji. Dai hilo lilishamiri baada ya 2022, Dodgers wenye ushindi 111 walipotolewa na San Diego Padres raundi ya pili, na 2023, wakati Braves, Orioles na Dodgers, wote wenye ushindi 100 au zaidi, walipoanguka raundi hiyohiyo. Lakini hesabu misimu minne, 2022 hadi 2025. Timu 16 zilipewa nafasi hiyo, na 9 zilishinda mfululizo wao wa kwanza. Hiyo ni asilimia 56, karibu kabisa na ile 59 ya kwenye karatasi. Sioni kutu yoyote.

Kinachobadilisha hesabu kwa kweli ni warushaji. Katika msimu wa kawaida timu inahitaji warushaji wa kuanza watano, na wa nne na wa tano ndio wanaoamua kama utashinda 85 au 95. Oktoba, kwa siku za mapumziko zilizomo kwenye ratiba, watatu au wanne wanatosha. Kwa hiyo timu yenye kina (warushaji wazuri wengi) ikiwa haina kilele (wachache walio bora kabisa) hupungua thamani, na yenye kilele ikiwa haina kina hupanda bei. Washington Nationals wa 2019 walianza msimu kwa 19-31, lakini walikuwa na Max Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin, na wakatwaa ubingwa.

Dodgers wa 2025 ni mfano wa karibu zaidi. Ushindi 93, hawakupata mapumziko, na katika msimu wa kawaida Milwaukee Brewers, wenye ushindi 97, waliwapiga mara sita kwa sita. Kwenye karatasi Brewers walikuwa juu kila upande. Ila ile 93 ilikuwa imekusanywa wakati Blake Snell na Tyler Glasnow wakiuguza majeraha kwa miezi kadhaa, na Shohei Ohtani ndiyo kwanza anarudi kurusha katikati ya mwaka. Kufikia Oktoba wote walikuwepo pamoja na Yoshinobu Yamamoto. Timu hizo mbili zilipokutana kwenye fainali ya Ligi ya Taifa, Dodgers walishinda 4-0, na Brewers walipata mkimbio mmoja tu katika kila mechi.

Wiki ya mwisho naangalia jambo moja dogo ambalo wengi hulipita: timu inatumia nini ili kufuzu. Septemba 30, 2024, Braves na Mets walilazimika kucheza mechi mbili kwa siku moja, kiporo kilichosababishwa na kimbunga Helene. Mets walishinda ya kwanza 8-7, Braves ya pili 3-0, wote wakafuzu. Chris Sale, mrushaji bora wa Braves, alikuwa amepangiwa mechi ya pili lakini mgongo ukamkatalia. Siku iliyofuata Braves walikuwa San Diego wakianza mtoano na AJ Smith-Shawver, kijana wa miaka 21 aliyekuwa amecheza mechi moja tu ya ligi kuu mwaka ule. Walitolewa 2-0.