Salvia nyekundu ya kivulini: yasemwayo na yalivyo

Dhana: Ua jekundu namna hii lazima lipende jua kali.

Si hili. Salvia roemeriana, salvia ya porini ya Texas, hujificha kwenye kivuli. Ni fupi, sentimita 30 hadi 60, na makao yake hasa ni vilima vya mawe ya chokaa vya uwanda wa Edwards, katikati ya jimbo, mpaka kaskazini mwa Meksiko. Ukitaka kuiona, inama chini ya miti mwezi Aprili: majani ya mviringo yenye vinyweleo na kingo za mawimbi, na juu yake vijishina vyembamba vyenye maua mekundu.

Dhana: Chini ya mtarakwa hakioti kitu.

Wenye mashamba Texas hulisema sana hili kuhusu mtarakwa wao, Juniperus ashei, wanaoulaumu kwa kila kitu. Kumbe salvia hii huota papo hapo, ndani ya majani makavu yaliyodondoka, kwenye udongo haba unaopitisha maji upesi. Ukifyeka miti yote, umeiondolea na kivuli chake.

Dhana: Ni salvia ya mwerezi.

Jina la mtaani ndilo hilo, lakini mti wenyewe, ule mtarakwa, si mwerezi. Mierezi ya kweli ni ile ya Lebanoni na wenzake. Tusiwacheke watu wa Texas, maana hata Kenya mtarakwa wetu wa nyanda za juu, Juniperus procera, huuzwa kama mwerezi. Jina la kisayansi nalo linamkumbuka Ferdinand Roemer, mwanajiolojia Mjerumani aliyezunguka Texas kati ya 1845 na 1847.

Dhana: Ni ile ile ya bustani za mjini.

Ile iliyopangwa mistari mbele ya hoteli aghalabu ni Salvia splendens, asili yake Brazili. Ni ndugu tu. Shika shina la yoyote kati yao: lina pembe nne, kama la mrehani.

Dhana: Anayekunywa asali yake ni ndege chozi.

Chozi hayuko Amerika. Huko yupo ndege mvumaji, naye Afrika hayupo, ingawa picha zao huchanganywa kila siku. Chozi kwa kawaida hutua kwenye tawi ndipo anywe. Mvumaji huelea hewani, mdomo ndani ya mrija wa ua, kwa hiyo kijishina kile chembamba hakilazimiki kumbeba mtu.