Tovuti Haina Wapita Njia

Wiki iliyopita mzee mmoja mwenye kampuni ya kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro alinipigia simu kutoka Moshi. Tovuti yake tulikuwa tumemkabidhi siku 18 kabla. Baada ya salamu akaniuliza moja kwa moja: "Binti yangu, ile tovuti mbona haileti watu?" Namheshimu, nikamjibu taratibu. Ila swali hilo nimeshaulizwa na wenye hoteli, wauza kahawa, mafundi samani na daktari wa meno, na nimechoka kulijibu kwa simu, mmoja mmoja. Leo naliandika.

Wanachoamini wote ni kwamba tovuti ikishakuwa hewani, watu wataiona. Hapana. Ukifungua kibanda soko la Kiboriloni, siku hiyo hiyo watu watapita mbele yako hata kama hawakujui, na mmoja wao atageuza shingo. Tovuti haina wapita njia. Kila anayeifikia ameletwa na kitu: ametafuta Google, amebofya kiungo mahali pengine, au kuna mtu amempa anwani. Kama hujafanyia kazi hata kimoja kati ya hivyo, tovuti yako unaisoma wewe na aliyekutengenezea.

Tuanze na Google, maana ndiko wengi wanakokwama. Ili ukurasa utokee kwenye matokeo, roboti la Google, yaani programu inayozunguka mtandaoni ikisoma kurasa, lazima kwanza liufikie, kisha uingizwe kwenye faharasa yao, orodha ya kurasa wanazozijua, ndipo ushindanishwe na kurasa nyingine. Niliwahi kuitwa kuangalia tovuti ya loji moja iliyokaa hewani karibu mwaka mzima bila kuonekana popote. Sababu ilikuwa tiki moja tu. Ndani ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwenye mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi huweka tiki hapo wakati bado anajenga, na ni sawa kabisa. Yule aliyejenga alisahau kuiondoa. Mwenye loji akalipia seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, mwaka mzima huku mlango umefungwa kwa ndani.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, sajili tovuti yako kwenye Google Search Console, huduma inayokuonyesha jinsi Google inavyoiona tovuti yako. Ni bure. Peleka ramani ya tovuti, faili linaloorodhesha kurasa zako, halafu ingia kila wiki uangalie kurasa ngapi zimepokelewa, zipi zimeachwa, na kwa sababu gani. Fundi ambaye hajakukabidhi akaunti hiyo hajamaliza kazi yake.

Lakini kuingia kwenye faharasa si kuonekana, na hapa ndipo ninapovunjika moyo zaidi. Fungua tovuti kumi za kampuni za utalii za Moshi na Arusha, usome ratiba ya siku saba ya njia ya Machame. Utakuta sentensi zile zile, hata makosa ya tahajia yale yale, kwa sababu kila mmoja alinakili kwa aliyemtangulia. Google ikikuta kurasa zilizofanana namna hiyo huchagua mmoja wa kuuonyesha na nyingine huziweka kando. Kwa nini ichague wako, wa mwezi jana? Na hata usiponakili, ukigombania maneno mapana kama "kupanda Kilimanjaro" kwa Kiingereza, unapambana na mawakala wa Uingereza na Marekani walioanza miaka mingi kabla yako, wenye viungo kutoka mamia ya tovuti nyingine. Hutawatoa pale kwa kurasa tano.

Unachoweza kuwashinda ni kujibu swali la mtu mmoja kwa usahihi ambao wao hawana. Mgeni mwenye likizo ya Aprili anataka kujua kama mvua itamharibia safari. Mwambie ukweli: masika ni Machi hadi Mei, njia za kusini zinalowa sana, na upande wa Rongai, kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, hupata mvua kidogo zaidi. Mwingine hataki kulala kwenye hema: Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala. Huyo huyo atauliza tena, siku tano au sita? Mweleze kwamba siku ya ziada hukaliwa Horombo, kituo cha vibanda kwenye mita 3,720, ili mwili uzoee hewa nyepesi, na mweleze waongozaji wako wameona nini kwa wanaoiruka siku hiyo. Wakala wa London hana hayo. Wewe una vijana wanaopanda kila mwezi, halafu unanakili ratiba ya mtu!

Ushauri wangu kwa kila mteja, na nitaurudia hadi nizeeke, ni huu: chukua simu ya ofisini, fungua WhatsApp, nenda nyuma miezi mitatu, andika kila swali ambalo wateja waliuliza. Hapo ndipo makala zako zilipo. Swali moja, ukurasa mmoja. Kichwa cha ukurasa kiwe swali lenyewe kama mteja alivyoliandika, na jibu lianze kwenye sentensi ya kwanza, si baada ya aya tatu za kuwakaribisha watu kwenye kampuni inayoongoza kwa ubora. Na weka bei. Mnaficha bei mkidhani mgeni ataandika kuuliza. Haandiki, anarudi nyuma na kubofya kampuni inayofuata.

Msiwasahau Watanzania wenzetu pia. Ada za hifadhi kwa raia ni ndogo sana kuliko za mgeni, na watu wanataka kujua safari nzima itawagharimu kiasi gani. Ukurasa mzuri wa Kiswahili unaoeleza hilo una washindani wachache mno.

Halafu subira. Google wenyewe walishaeleza kwamba kazi ya namna hii huchukua miezi minne hadi mwaka kabla ya matunda kuonekana. Siku 18 roboti bado linabisha hodi. Wakati unasubiri, fungua wasifu wa biashara yako kwenye ramani za Google, weka anwani ya tovuti kwenye Instagram na chini ya kila barua pepe, na iombe hoteli unayopeleka wageni iweke kiungo chako kwenye tovuti yake.

Hayo ndiyo makubwa. Mengine ninayoambiwa na wateja nayapitia haraka.

"Kuna kijana kaniahidi nitakuwa namba moja Google." Hakuna anayeweza kuahidi hilo, na Google wanalisema waziwazi. Hawapokei pesa ili kukupandisha kwenye matokeo ya kawaida. Wanachouza ni matangazo, yanayoandikwa kuwa ni matangazo, na pesa ikiisha nayo yanaondoka. Akikuambia anakununulia viungo mia tano, mkatalie, maana ni kinyume cha sera zao na ukibainika ni tovuti yako itakayoshuka.

"Tujaze maneno muhimu." Ile sehemu iliyofichwa ya maneno muhimu ndani ya msimbo wa ukurasa, Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Bado ninaona ankara zinazodai pesa kwa ajili yake. Usilipe.

"Kufuli ni la wanaopokea malipo tu." Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome humwonya mgeni kwamba tovuti isiyo na HTTPS, yaani kufuli hilo linaloficha taarifa zinazopita kati ya mgeni na tovuti, si salama. Cheti chake unakipata bure kupitia Let's Encrypt, na kampuni nyingi za seva hukuwekea kwa kubofya mara moja.

"Iwe na video kubwa na picha nyingi, ipendeze." Picha moja kutoka kwenye simu yako inaweza kuwa na MB 4 au 5. Weka kumi ukurasa wa mwanzo, umemla mteja bando kabla hajasoma jina lako. Zipunguze hadi chini ya KB 200 kila moja kabla ya kupakia. Jicho halitaona tofauti. Google nayo huikagua tovuti kwa sura yake ya simu, mabadiliko waliyoyatangaza 2016 na kuyakamilisha 2023. Kwa hiyo usiipime kwa kompyuta ya ofisini yenye waifai. Chukua simu ya kawaida, washa data, simama kituo cha daladala, uone inafunguka kwa muda gani.

"Nina Instagram, inatosha." Instagram ni mahali pazuri pa kukutana na watu, endelea nayo. Ila Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa muda wa takriban saa sita, na biashara iliyokuwa imejengwa juu yake peke yake haikuwa na pa kumpokelea mteja siku hiyo. Isitoshe, chapisho lako la leo halitaonekana baada ya wiki, wakati ukurasa mzuri kuhusu mvua za Aprili utatafutwa kila Aprili.

La mwisho: "Mambo ya domeni anayajua fundi wangu." Domeni ni lile jina la anwani ya tovuti yako. Nimekaa na mama mmoja aliyelia ofisini kwangu. Jina la biashara yake la .co.tz lilikuwa limesajiliwa kwa jina na barua pepe ya kijana aliyemtengenezea tovuti. Kijana akabadilisha namba, domeni ikaisha muda wake, na barua pepe zote za kazi zikazimika siku hiyo hiyo. Domeni kwa kawaida hulipiwa upya kila mwaka, na mwenye barua pepe iliyosajiliwa ndiye anayepokea ukumbusho, na mwenye jina lililosajiliwa ndiye anayetambulika kuwa mwenye mali. Leo jioni mwombe fundi wako akuonyeshe taarifa za usajili. Kama jina lililoandikwa pale si lako, abadilishe ukiwa umekaa naye, na nywila mpya uiweke wewe.