Raga ya Kulipwa kwa Wanawake Marekani: Tazama Kinachotokea Kati ya Mechi na Mechi

Watu wakisikia kwamba wanawake wa Marekani sasa wana ligi yao ya raga ya kulipwa, swali linalowatoka kwanza ni la mshahara: wanapata kiasi gani? Ni swali la haki kabisa. Ila mimi natibu wanamichezo, kazi yangu ni fiziotherapia, na ninachotaka kujua kwanza ni kingine. Mchezaji aliyetoka uwanjani Jumamosi akichechemea, Jumatatu asubuhi yuko wapi? Yuko kwenye kitanda cha matibabu, au yuko ofisini tangu saa mbili, goti limevimba chini ya meza?

Ligi yenyewe inaitwa Women's Elite Rugby. Ilianza Machi 2025 ikiwa na timu sita: Bay Breakers, Boston Banshees, Chicago Tempest, Denver Onyx, New York Exiles na Twin Cities Gemini. Denver Onyx ndio waliotwaa ubingwa wa msimu huo wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na Women's Premier League, iliyoanzishwa mwaka 2009, na huko mambo yalikuwa kinyume: mchezaji ndiye aliyetoa pesa ili acheze. Alilipa ada, akachangia safari, na Jumatatu akarudi kazini. Wanawake waliobeba jezi ya taifa lao walipita humo. Sasa wanalipwa wao, ingawa wengi bado wana kazi nyingine pembeni, na jambo hilo lisifichwe nyuma ya neno zuri la "kulipwa".

Kwa nini saa za mapumziko zinanishughulisha kuliko kitu kingine? Tazama historia. Kombe la Dunia la kwanza la raga ya wanawake lilichezwa Wales mwaka 1991, na Marekani ndio walioshinda, wakiifunga Uingereza 19 kwa 6 katika fainali mjini Cardiff. Walifika fainali tena mwaka 1994 na 1998. Enzi hizo hakuna aliyelipwa, kwa hiyo wote walikuwa sawa katika uchovu wao. Kisha mataifa mengine yakaanza kuwalipa wachezaji wao. Januari 2019 Uingereza ilianza kuwapa wachezaji wake 28 mikataba ya muda wote ya raga ya wachezaji kumi na watano. Agosti 2025 timu hizo mbili zikakutana Sunderland katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia, mbele ya watazamaji zaidi ya 42,000. Uingereza 69, Marekani 7. Mwezi uliofuata Uingereza ikachukua kombe.

Sisemi mishahara ndiyo iliyofunga trai zote zile, yaani mabao ya kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Uingereza ina mfumo mpana, makocha wengi na ligi ngumu ya nyumbani. Lakini ukiniuliza mikataba ile ilinunua nini hasa, nitakujibu kwamba ilinunua usingizi wa mchana, barafu kwa wakati, chumba cha vyuma saa nne asubuhi mwili ukiwa na nguvu badala ya saa tatu usiku ukiwa umechoka. Mwili wa mwanamichezo haujengeki wakati wa mazoezi. Mazoezi huuvunjavunja kwa kiasi, nao hujijenga upya mtu akiwa amelala na ameshiba. Anayefanya kazi ya kutwa nzima, kisha mazoezi ya jioni, kisha safari ya ndege kwenda mechi, ana muda wa kuvunjwa tu.

Sasa njoo tuangalie tukio moja kwa karibu, maana raga kwa mtu asiyeizoea huonekana fujo tupu. Ni dakika ya 65. Mwenye mpira anakuja kwa kasi, amejiinamisha. Mkabaji anapaswa kumwangusha, na ana chini ya sekunde moja ya kuamua kichwa chake kikae wapi. Akikiweka nyuma ya mpinzani, shavu likiwa limebana upande wa makalio, watu wawili wataanguka na kuinuka. Akikiweka mbele, kwenye njia ya magoti na nyonga zinazokuja, anakwenda kupigwa. Kila mchezaji anajua hili. Kinachomwangusha dakika ya 65 ni miguu iliyochoka, kwa sababu hatua moja ya mwisho, ile ya kusogea karibu kabla ya kukaba, haikupigwa. Akanyoosha mikono kwa mbali, na kichwa kikabaki palipobaki.

Mtikisiko mwingi wa ubongo katika raga hutokea wakati wa kukaba, na mara nyingi anayeumia ni mkabaji mwenyewe. Kwa wanawake kuna la kuongeza. Shingo ya mwanamke kwa wastani ina nguvu pungufu, kwa hiyo anapoangushwa chali kichwa huchapwa nyuma na kugonga ardhi kirahisi zaidi. Katika michezo ambayo jinsia zote hucheza kwa kanuni zilezile, wanawake hupata mtikisiko wa ubongo kwa kiwango cha juu zaidi, na dalili zao mara nyingi hukaa muda mrefu. Dawa ipo, na ni ya kawaida kabisa: mazoezi ya shingo mara kadhaa kwa wiki, na kujifunza kuanguka kidevu kikiwa kimebanwa kifuani. Inahitaji kocha mwenye muda na mchezaji mwenye muda. Wamarekani wengi hukutana na raga mara ya kwanza wakiwa chuo kikuu, wakitokea riadha, mpira wa kikapu au soka, kwa hiyo ustadi huu wa kuanguka, ambao mtoto aliyeanza mapema huupata bila kufikiri, wao hujifunza wakiwa watu wazima. Wanaweza. Nimeona watu wazima wakijifunza vizuri sana. Ila haujifunzwi na mtu anayesinzia.

Kwa mechi za kiwango cha juu, World Rugby, shirikisho la raga la dunia, ina utaratibu ambao mtazamaji anafaa kuujua. Mchezaji akionyesha dalili za wazi, kama kupoteza fahamu au kuyumba, anatolewa na harudi siku hiyo, hata akilia. Dalili zikiwa za kutia shaka, anatolewa kwa dakika 12 apimwe: anaulizwa maswali, anarudia orodha ya maneno, anatembea mguu mbele ya mguu kwenye mstari ulionyooka. Anapimwa tena ndani ya saa tatu baada ya mechi, na tena baada ya saa 36 hadi 48, kwa kuwa ubongo wakati mwingine hutoa malalamiko yake kwa kuchelewa. Siku hizi wapo wanaovaa kinga ya meno yenye kihisi ndani, inayomtumia daktari taarifa mchezaji akipata kishindo kikubwa ambacho jicho halikukiona. Mimi nakipenda kifaa hicho kwa sababu hakisubiri mchezaji akiri kwamba ameumia.

Mchezaji huficha. Hili nawaomba mlichukue kwa uzito. Aliyekuwa akilipa ada ili acheze alificha kwa sababu ameshagharamia msimu. Anayelipwa sasa anaweza kuficha kwa sababu mkataba ni mfupi na nyuma yake kuna mwingine anayesubiri namba. Ndiyo maana ligi mpya inapaswa kutazamwa kwa swali hili: mchezaji akikaa nje wiki tatu kwa ajili ya kichwa, malipo yake yanaendelea? Kama yanasimama, hata daktari awe hodari namna gani, ataambiwa "niko sawa".

Goti nalo lina hadithi yake. Ligamenti ya ndani ya goti inayoitwa ACL huchanika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume katika michezo ya kukata kona na kutua, na mara nyingi bila kuguswa na mtu: mchezaji anabadilisha mwelekeo, unyayo unabaki, goti linaingia ndani, anasikia kama kitu kimekatika. Kupona huchukua miezi tisa au zaidi. Programu ya kupasha misuli yenye mazoezi ya kutua, kusimama mguu mmoja na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, ikifanywa kila mazoezi na si siku ya mechi pekee. Ni dakika 15 hadi 20 tu. Timu ambayo wachezaji wake wanafika wakikimbia kutoka kazini, jua likizama, dakika hizo ndizo za kwanza kukatwa.

Na chakula. Raga inahitaji miili ya kila namna, na hilo ni moja ya mambo ninayoupendea mchezo huu. Fowadi anayesukuma kwenye skramu, pale timu mbili zinaposhikana na kusukumana, hana haja ya kufanana na winga, mkimbiaji wa pembeni. Hata hivyo mchezaji asiyekula vya kutosha kwa kazi anayoifanya huanza kudhoofika kimya kimya: mifupa hupungua uimara, vidonda vinachelewa kupona, hedhi inakatika. Hedhi kukatika kwa mchezaji ni dalili ya kumpeleka kwa daktari. Nasikitika kwamba bado kuna makocha wanaoiona kama uthibitisho kwamba mtu anajituma. Timu yenye wachezaji wa kulipwa inapaswa kuwa na mtu ambaye mchezaji anaweza kumweleza jambo hilo bila haya, naye akaliandika kwenye rekodi kama anavyoandika mkazo wa misuli.

Kinachonitia moyo ni kwamba watazamaji wamekuja. Medali ya shaba ya Marekani katika raga ya wachezaji saba huko Paris mwaka 2024, iliyopatikana kwa trai ya sekunde za mwisho dhidi ya Australia, 14 kwa 12, iliwafanya watu wengi waangalie raga kwa mara ya kwanza, na Ilona Maher, mchezaji wa timu hiyo, akawa jina linalojulikana hata na wasiojua kanuni moja ya mchezo. Mfanyabiashara Michele Kang aliahidi dola milioni 4 kwa programu hiyo ya wachezaji saba. Raga ya kumi na watano, yenye watu wengi zaidi wa kulisha, kutibu na kusafirisha, ndiyo ambayo ligi hii inajaribu kuibeba.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kutazama mechi zao, usiufuate mpira tu. Mchezaji akitolewa kupimwa kichwa, hesabu hizo dakika 12 na uangalie kama kuna anayemharakisha daktari. Wiki inayofuata, tafuta jina lake kwenye kikosi. Likikosekana, furahi kwa niaba yake: yuko mahali fulani akiendesha baiskeli ya mazoezi taratibu, hatua ya pili baada ya mapumziko. Ikipita siku nzima bila kichwa kumuuma, ataruhusiwa kukimbia. Na ikipita nyingine, atashika mpira, bila bado kugusana na mtu.