Siku moja Ravenna, bila haraka

Mimi ni fundi wa mozaiki, picha zinazoundwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe. Kila anayeniambia anakwenda Italia namwomba jambo moja tu: aupe mji wa Ravenna siku moja, na asiijaze siku hiyo. Kutoka Bologna ni safari ya treni ya saa moja na ushei.

Asubuhi anza na kijengo cha matofali cha karne ya 5 kiitwacho kaburi la Galla Placidia, malkia wa Kirumi. Ukiingia huoni kitu. Tulia. Madirishani kuna mabamba membamba ya alabasta yanayopitisha mwanga wa rangi ya asali, na macho yakishazoea, dari ya buluu inajitokeza na nyota zake za dhahabu. Sogea hatua moja: nyota zilizofifia zinawaka, zilizokuwa zikiwaka zinafifia. Kila kipande cha dhahabu ni utando mwembamba uliobanwa kati ya tabaka mbili za kioo, na fundi hakuvilaza sawasawa kama vigae vya sakafuni. Alivikandamiza kwenye lipu mbichi, hiki kikiinama huku, kile kule, ili kila kimoja kidake mwanga kivyake. Ndiyo maana picha ya simu haikupi hata nusu yake.

Kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, liko uani hapohapo. Mtazame malkia Theodora wa Bizanti kwenye mozaiki ya ukutani: vipande vya uso wake ni vidogo kuliko vya vazi, na baadhi ya lulu zake zimekatwa kwenye gamba la chaza.

Mchana kula piadina, mkate bapa ulio ndugu wa chapati, wenye jibini laini na majani ya rucola. Kaa barazani. Shingo ipumzike.

Jioni nenda Sant'Apollinare Nuovo, kanisa alilolijenga Theodoric, mfalme wa Wagothi. Ukutani kuna mozaiki ya kasri lake. Wabizanti, yaani Warumi wa Mashariki, waliutwaa mji mwaka 540, na baadaye watu waliosimama kati ya nguzo za kasri hilo walibanduliwa, na nafasi zao zikajazwa mapazia meupe. Lakini sogea, inua macho kwenye nguzo zenyewe. Utaona mkono, vidole vimenyooka, umekatikia pale pazia linapoanzia. Fundi aliyetumwa kuwafuta hakuzigusa nguzo. Mimi huwa naitafuta mikono hiyo mmoja mmoja, mpaka mlinzi aanze kufunga milango.